Alichokwenda Kusema Kabuchai

Bethwel Kipkosgei alimtegua bintiye bega Jumamosi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, mbele ya majirani wote wa ploti yao mtaani Tuwan, Kitale.

Jirani yao Emmy, ambaye kazi yake ilikuwa kununua na kuuza mahindi, alikuwa ameyaanika kwenye turubai katikati ya uwanja. Yalipokauka aliyakusanya yakawa rundo kubwa, kisha akaingia ndani kutafuta magunia. Watoto hawakungoja. Jelagat, msichana wa miaka sita, alichimba shimo katikati ya rundo akaketi ndani, na wenzake wakamfunika mpaka kifuani. Alikuwa akicheka, mkono mmoja ameuinua juu.

Bethwel alitoka bafuni, taulo begani, akaona kichwa na mkono. Hakukumbuka baadaye alivyouvuka uwanja. Alichokumbuka ni mtoto akilia, na mkewe Jepkemboi akimvuta shati kwa nyuma.

"Baba Jelagat, mwachilie. Nasema mwachilie, utamvunja."

Neno hilo, mwachilie, ndilo lililomfanya akaze zaidi. Alimvuta mtoto mpaka akatoka mzima kwenye mahindi, bega likiwa limekwisha kutoka mahali pake, akamkumbatia kifuani. Majirani walisimama milangoni. Emmy naye alikuwa ametoka, magunia mkononi.

Hospitalini, daktari kijana wa zamu alirudisha bega la mtoto, akalifunga kwa kitambaa, kisha akamtazama Bethwel kwa macho ya mtu aliyewahi kuona watoto wengi walioumizwa na baba zao.

"Ni wewe ulimfanya hivi?"

"Ni mimi."

Jepkemboi, kitoto chao kichanga mgongoni, aliingilia kati. "Daktari, huyu hajawahi kumpiga. Hata kofi. Hata mimi hajawahi."

Kijana alikaa kitako. "Ulipomwona ulifikiri nini?"

"Nilifikiri anazama."

"Kwenye nini?"

Jepkemboi ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mumewe aliwahi kupata ajali kazini Januari iliyopita, rafiki yake akafa, na tangu siku ile mvua ikipiga mabati ya nyumba yeye hutoka nje akasimama papo hapo inaponyesha, kwa sababu anasema ndani kunamwagika mahindi. Hali githeri kwa kuwa ina mahindi. Halali usiku. Mtu akimnyoshea mkono amsalimie, yeye huitia mikono mfukoni.

Kijana aliandika karatasi fupi. "Nyuma ya maabara kuna chumba. Muulize Madam Dinah, mshauri wetu. Alhamisi uende."

"Mimi si mwendawazimu," Bethwel alisema.

"Sijasema hivyo. Nimesema Alhamisi."

Alikwenda kwa sababu ya Jelagat. Tangu kurudi nyumbani mtoto alikuwa akimpisha. Baba akiingia, yeye huhamia upande wa mama, bila kununa, bila kulia, kama mtu anavyompisha ng'ombe asiyemjua. Bethwel aliliona hilo kwa siku nne, akashindwa kulivumilia.

Chumba cha Dinah kilikuwa zamani cha kuwekea mafaili, na rafu tupu bado zilikuwa ukutani. Kulikuwa na viti vitatu. Dinah alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko alivyotarajiwa kuwa nayo. Alimwambia achague kiti. Bethwel alichukua kile cha karibu na mlango, na Dinah akasogeza chake ili asikae kati yake na mlango.

"Watu huja hapa kusema nini?" Bethwel aliuliza.

"Wengine hawasemi. Kuna mmoja alikaa Alhamisi tatu akiangalia hizo rafu."

"Na ulimlazimisha?"

"Sina nguvu hizo. Ulikuja leo, hiyo inatosha kwa leo."

Siku ile walizungumza juu ya usingizi peke yake. Alhamisi ya pili alimweleza juu ya mvua na juu ya uwanja wa Emmy, akauliza swali lililokuwa likimtafuna. Aliuliza inawezekanaje mtu mwenye akili zake amwone mtoto wake akicheka, na aone maiti.

"Kichwa chako kinajua rafiki yako Mukhisa alikufa Januari," Dinah alisema. "Mwili wako haujaambiwa. Wenyewe bado uko kule ndani ya mahindi, unangoja mtu aseme imekwisha. Ukisikia mlio kama ule, au ukiona kitu kinachofanana na kile, unaruka kabla kichwa hakijauliza. Ulikuwa ukimwokoa mtu, Bethwel. Ila alikuwa mtu mwingine, siku nyingine."

"Hiyo inaponywa na dawa?"

"Kuna dawa za usingizi, nitakuombea kwa daktari. Hili lingine tutalisema polepole, mara nyingi, mpaka lianze kuwa jambo lililopita. Litauma. Wiki za kwanza huenda ukawa mbaya kuliko sasa. Ni afadhali nikwambie mapema."

Hakumdanganya. Desemba ilikuwa mbaya. Bethwel alianza kusimulia, na kila aliposimulia alitoka pale amelowa jasho, akazunguka mjini saa nzima kabla ya kuthubutu kurudi nyumbani. Dinah alimfundisha, pumzi zikimbana, kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kutaja kwa sauti vitu anavyoviona: rafu, dirisha, kalenda, kiatu. Jepkemboi alimsikia siku moja akiyasema hayo jikoni mvua ilipoanza, sufuria, jiko, ndoo, mwiko, akageuka upande wa pili ili mumewe asione machozi yake.

Hadithi aliyoisimulia wiki zile ilikuwa hii.

Walikuwa vibarua katika ghala la mtu binafsi nje kidogo ya mji, yeye na Mukhisa, kijana wa Kabuchai upande wa Bungoma. Ghala lilikuwa na mnara wa bati wa kuhifadhia mahindi, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Mahindi yalikuwa yameingizwa yakiwa na maji, yakashikana juu kama ukoko wa ugali, na chini hayakutoka vizuri. Wakatumwa waingie kwa juu wayavunje kwa miti. Kamba zilikuwepo, zimening'inizwa ofisini. Hakuna aliyezitumia; kazi ilikuwa ya dakika kumi.

Mukhisa alikuwa akipiga soga, akisema ati mwaka huo lazima aoe, mama yake amechoka kumngoja. Kule chini mtu akawasha mashine ya kuvuta mahindi, bila kujua kuna watu ndani. Ukoko ulipasuka chini ya miguu ya Mukhisa. Chini yake palikuwa na shimo, na mahindi yakaanza kushuka yakienda naye. Bethwel alikuwa karibu na ngazi ya ndani. Alishika chuma cha ngazi kwa mkono wa kushoto, akamdaka Mukhisa kwa wa kulia. Walipiga kelele wote wawili, lakini ndani ya mnara sauti haitoki. Mahindi yalimfika Mukhisa kiunoni, kifuani, shingoni.

"Kisha mkono ukateleza," Bethwel alisema kila mara, na hapo ndipo hadithi ilipoishia. Yeye aling'ang'ania ngazi mpaka mashine ikazimwa. Watu walikata bati kwa msumeno wa umeme, mahindi yakamwagika uwanjani kwa saa nzima kabla ya kumpata.

Dinah aliisikiliza hadithi hiyo mara nne. Mara ya tano, katikati ya Januari, mwaka mmoja tangu ajali, alisema, "Rudi hapo mkono ulipoteleza. Sema polepole. Vidole vyako viko wapi?"

Bethwel alianza tena. Nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa maabara. Akatazama mkono wake wa kulia uliokuwa pajani.

"Haukuteleza," alisema.

Dinah aliinama mbele.

"Nilifungua vidole. Mahindi yalikuwa yamenifika hapa." Akagusa chini ya kifua. "Mkono ulioshika ngazi ulikuwa unakatika. Nikajua nikimshika nitakwenda naye. Nilifikiri juu ya Jelagat, na huyu mwingine alikuwa tumboni. Sijui kama nilifikiri kweli, au nilijipangia baadaye kwamba nilifikiri. Nilifungua tu. Na yeye alijua. Alinitazama akajua."

Alilia siku ile kwa mara ya kwanza. Dinah hakumgusa wala hakumwambia anyamaze. Bethwel aliponyamaza mwenyewe, Dinah aliuliza, "Kama ungeendelea kushika?"

"Tungekufa wawili."

"Unaamini hivyo?"

"Ninajua hivyo. Haisaidii."

"Leo haisaidii, ndiyo," Dinah alisema. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni wewe."

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo alilisema Alhamisi iliyofuata. Kwenye mazishi kule Kabuchai, mama yake Mukhisa, Mama Phelista, alimtafuta katikati ya waombolezaji. Bethwel alimwambia yale aliyokwisha kuwaambia wengine: nilimshika, mama, lakini mkono uliteleza. Mama Phelista aliuchukua mkono wake wa kulia, akauweka shavuni pake mbele ya watu wote, akasema huu ndio mkono uliomshika mwanangu mwisho, Mungu aubariki. Tangu siku hiyo Bethwel hakumsalimu mtu kwa mkono.

"Nataka kwenda kumwambia," alisema.

Dinah aliegemea kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee Bethwel alipomwona akisita. "Mimi sikutumi, na sikukatazi. Jiulize unakwenda kutafuta nini. Ukitaka akusamehe, huenda asikusamehe. Anaweza kukufukuza. Na wewe utautua mzigo wako, lakini yeye ndiye atakayebaki nao pale nyumbani."

"Kwa hivyo nikae na uongo?"

"Sijui, Bethwel. Kwa kweli sijui. Lifikirie kwanza."

Alifikiri kwa wiki sita. Jepkemboi alipoambiwa, aliendelea kumnyonyesha mtoto, kisha akasema, "Mimi na hawa watoto tuko hapa kwa sababu ulifungua vidole. Sitasema ulikosea. Lakini huyo mama naye ana haki yake."

Alikwenda Machi, mvua zikiwa hazijaanza. Alishuka kwenye gari mjini Chwele, akachukua pikipiki mpaka karibu na boma, akamalizia kwa miguu katikati ya mashamba ya miwa. Alimkuta Mama Phelista ameketi kwenye kigoda mbele ya jikoni, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda. Wangila, kaka mkubwa wa Mukhisa, alikuwa upande wa pili wa uwanja akitengeneza ua wa zizi. Nyuma ya nyumba kaburi lilionekana, saruji yake imeanza kuota kuvu ya kijani.

Mama Phelista alimtambua mara moja. Alitaka kuinuka, mkono ameunyosha.

"Mama, usinisalimu kwanza," Bethwel alisema. "Nisikilize. Ukimaliza kunisikiliza, utaamua."

Alikaa. Bethwel alibaki amesimama. Alikuwa amejipangia maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache: kwamba mkono haukuteleza, kwamba yeye ndiye aliyefungua vidole, kwamba Mukhisa alikuwa bado hai, na kwamba siku ya mazishi alimdanganya. Alikanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili na kuyasema yote bila kusimama.

Wangila aliacha nyundo, lakini hakusogea.

Mama Phelista aliendelea kuchambua maharagwe. Vidole vyake vilitoa mabovu, vikayatupa chini, vikatoa mengine. Ilikuwa kana kwamba hakusikia. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Alisema nini?"

Bethwel hakuwa amemwambia mtu neno hilo, hata Dinah. "Mama..."

"Alikuwa na mdomo. Alisema nini?"

"Alisema, usiniachilie, Kosgei."

Mikono ya mama ikasimama. Kuku mmoja alikuja akadonoa maharagwe yaliyotupwa, na hakuna aliyemfukuza.

"Wakati huo ulikuwa na mtoto?" aliuliza baadaye.

"Mmoja. Na mwingine tumboni."

"Mukhisa hakuwa na mtoto." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. "Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikikuombea kanisani. Nakutaja kwa jina. Padri anakujua kwa jina, na hajakuona."

"Nisamehe, mama."

"Usiniambie neno hilo leo." Aliweka ungo chini. Aliinuka kwa shida, mkono kwenye goti, akaingia nyumbani akafunga mlango. Hakuubamiza. Walisikia komeo likisukumwa.

Bethwel alisimama pale hata miguu ikafa ganzi. Mwishowe Wangila alikuja akamwambia, "Twende nikusindikize barabarani."

Walitembea mpaka wakafika penye njia kuu. Wangila alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mipana, na Bethwel alikuwa akingoja kupigwa. Angepigwa angeshukuru.

"Sijui kama ulifanya vizuri kuja," Wangila alisema.

"Hata mimi sijui."

"Krismasi kabla ya ajali mama alimtumia Mukhisa kopo la mafuta ya kujipaka. Alisema ngozi yake inapasuka na baridi ya Kitale." Wangila alikuwa akitazama miwa. "Tangu tumzike, mama anasema ni yale mafuta. Ati kama hangejipaka asubuhi ile mkono haungeteleza. Hapaki mafuta mwenyewe, na hataki kuyaona nyumbani. Tumemwambia mimi na padri, hasikii. Mwaka mzima anajua ni yeye aliyemuua."

Bethwel alichuchumaa kando ya barabara, akashika nyasi kwa mikono miwili. Kwa mwaka mzima alikuwa amejiona yeye peke yake ndiye anayeteseka kwa uongo ule.

"Sikujua," alisema.

"Ungejuaje." Wangila alisimamisha pikipiki iliyokuwa ikipita. "Nenda. Usirudi mpaka uitwe."

Alhamisi ile alimweleza Dinah yote, pamoja na maneno ya mwisho ya Mukhisa. Dinah alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakusema amefanya vyema. Alimuuliza amelala vipi, naye akajibu kwamba kwa siku tatu analala, na kwamba anaona aibu kulala.

"Lala tu," Dinah alisema. "Kutolala kwako hakumfai mtu."

Mvua za Aprili zilikuja. Bado alitoka nje baadhi ya siku, lakini si zote. Alipata kazi kwenye yadi ya mbao, mbali na nafaka. Emmy alianza kuanika mahindi yake kwa dada yake, mtaa wa pili, bila kuambiwa na mtu. Bega la Jelagat lilipona, ila hakukubali lishikwe, na alipovuka barabara na baba yake alitembea hatua mbili nyuma. Bethwel alipotaka kumbembeleza, Dinah alimkataza. Alimwambia mtoto naye ana mwili ambao haujaambiwa, ampe muda, na muda wenyewe huenda ukawa mrefu.

Juni, Wangila alipiga simu. Alisema mama bado hataki kuonana naye, na akifika kwenye jina la Bethwel kanisani sasa hunyamaza kidogo, kisha huendelea na majina mengine. Lakini wiki iliyopita Wangila alimkuta ameketi juani akijipaka mafuta miguuni, kopo la jirani. "Nimeona nikwambie," alisema, akakata.

Agosti, Dinah alihamishwa. Barua ilitoka Jumatatu, na ilipofika Alhamisi alikuwa tayari amefunga vitu vyake kwenye katoni. Alimpeleka Bethwel mpaka nje ya maabara, akamwambia atakayekuja anaitwa Zachary, ni mtu mzuri, ampe nafasi.

"Nitaanza tena mwanzo?" Bethwel aliuliza.

"Faili nimemwachia. Lakini ndiyo, itabidi umsimulie mwenyewe."

"Nimechoka kuisimulia."

"Najua," Dinah alisema.

Wiki mbili hakwenda. Alimkasirikia Dinah, serikali, hata huyo Zachary ambaye hajamwona. Wiki ya pili alimfokea Jepkemboi kwa sababu ya mfuniko wa sufuria ulioanguka, akaona watoto wote wawili wakigeuka kumtazama, mkubwa kwanza, halafu mdogo akimwiga dada yake. Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa kwenye yadi ya mbao.

Zachary alikuwa mwanamume mrefu, kijana, na chumbani palikuwa na kiti cha nne ambacho hapo awali hakikuwepo. Alisema amelisoma faili lakini angependa kusikia kutoka kwake mwenyewe, popote anapotaka kuanzia.

Bethwel alivuta kiti karibu na mlango. Nje waliita mgonjwa, na mtu akajibu.

"Tulikuwa wawili ndani," alisema. "Yeye aliitwa Mukhisa. Nitakwambia kwanza nilichofanya, ndipo nikuambie mengine."